Asili Haiuzwi kwenye Chupa

Nianze kwa kukiri. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mwandishi mchanga kwenye chumba kimoja cha habari hapa Dar es Salaam, nilipewa kazi ya kujaza nusu ukurasa uliokosa tangazo. Nikaingia mtandaoni, nikaokota hiki na kile, nikatafsiri, nikachanganya na maneno ya mtaani, nikatoa makala ya vyakula kumi vinavyopandisha homoni ya kiume kwa wanamichezo. Tangawizi ilikuwemo. Karanga mbichi na nazi zilikuwemo. Supu ya pweza ilikuwemo, maana bila pweza nani angesoma? Sikumpigia daktari hata mmoja. Makala ile ilisomwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika, zikiwemo ripoti zilizoninyima usingizi wiki nzima.

Mwaka huu mtoto wa mama yangu mdogo, bondia wa miaka 21 anayefanya mazoezi Manzese, alikuja kwangu na chupa. Ya plastiki, ndani unga wa kahawia, nje karatasi yenye picha ya mwanaume mwenye kifua kama mlango. Bei yake shilingi elfu arobaini.

"Kaka, hii ni asili tupu, haina kemikali. Inapandisha testosteroni."

Nikamuuliza nani kamwambia. Akanitazama kama mtu anayetaniwa.

"Si hata wewe uliandika?"

Kwa hiyo ninapowashambulia wauza chupa hapa chini, mjue kwamba ninajishambulia na mimi. Nilikuwa mpiga debe wao, tena wa bure.

Wasomaji wa ukumbi huu wamezoea kuchambua riwaya na ushairi. Leo naomba tuchambue karatasi ya chupa, maana nayo ni maandishi, na nina hakika inasomwa na vijana wengi kuliko riwaya yoyote tuliyoijadili hapa. Neno linalobeba mzigo wote ni moja: asili. Tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni shina, chanzo, mahali kitu kilipotoka. Ukimuuliza mtu asili yake, unamuuliza kwao. Lakini kwenye chupa neno limehamishwa makazi. Halisemi tena kitu kimetoka wapi. Linasema tu: usiogope. Muuzaji hataji mmea, hataji shamba, hataji kipimo cha kijiko kina nini ndani. Yaani neno linalouliza chanzo ndilo linalotumika kuficha chanzo. Mwandishi wa riwaya akilifanyia neno hivyo, tunamsulubu.

Halafu hiyo "haina kemikali". Jamani, testosteroni yenyewe ni kemikali. Ina umbo lake linalojulikana hadi atomu ya mwisho. Korodani ni kiwanda, na mtu anayekuuzia kitu cha kupandisha testosteroni halafu anaapa hakina uhusiano wowote na kemikali ni sawa na muuza maji anayeapa kwamba maji yake hayana unyevu.

Na hadithi hii ina umri mkubwa. Mwaka 1889, mbele ya Chama cha Biolojia cha Paris, alisimama mzee wa miaka 72 aitwaye Charles-Édouard Brown-Séquard. Huyu alikuwa mtu wa Bahari yetu ya Hindi, mzaliwa wa Port Louis, Mauritius, na alikuwa mwanasayansi wa kweli aliyeheshimika kwa kazi yake juu ya uti wa mgongo. Akawaambia wenzake kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za nguruwe wadogo wa maabara, na nguvu zake zimerudi: anapanda ngazi mbio, ananyanyua uzito zaidi, anafanya kazi hadi usiku. Habari ikasambaa, na haikuchukua muda dawa za namna hiyo zikawa zinauzwa Ulaya na Marekani.

Tatizo ni kwamba korodani hazihifadhi testosteroni kama tangi. Zinaitengeneza na kuiachia kwenye damu. Tena homoni hiyo haiyeyuki vizuri kwenye maji. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walirudia utengenezaji wa dawa ya yule mzee wakapima, wakakuta homoni iliyomo ni kidogo mno kuweza kufanya lolote. Mzee alipanda ngazi kwa imani. Mwaka 1935, timu ya Ernst Laqueur ya Amsterdam ilipofanikiwa kuitenga testosteroni kwa mara ya kwanza, ilihitaji takriban kilo 100 za korodani za mafahali kupata miligramu 10 tu. Kilo mia moja! Na hata ukila supu ya kende kila Jumamosi kwa mwaka mzima, ini lako litaivunjavunja homoni hiyo kabla haijafika kwenye msuli. Supu ni tamu, sikatazi. Lakini kula supu kwa sababu ni supu.

Sasa, je, hakuna njia ya asili kabisa ya kupandisha testosteroni kwa mwanamichezo? Ipo. Hapa ndipo ninapowakasirikia zaidi wauza chupa, na mimi mwenyewe, kwa sababu njia yenyewe inajulikana na haina siri yoyote.

Ya kwanza ni usingizi. Mwili wa kijana hutengeneza sehemu kubwa ya testosteroni akiwa amelala, ndiyo maana vipimo huchukuliwa asubuhi. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Chicago kilichapisha utafiti wa vijana 10 wenye afya waliolazwa saa tano tu kila usiku kwa kama wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja tu, bila ugonjwa, bila uzee.

Ya pili ni chakula cha kutosha. Si chakula cha ajabu. Cha kutosha. Wanajeshi wa Marekani wanaopitia mafunzo ya Ranger walipimwa katika wiki nane za njaa, kazi ngumu na usingizi haba. Walikuwa vijana wenye nguvu kuliko wengi wetu, lakini testosteroni yao iliporomoka hadi kukaribia ya mtu aliyehasiwa. Waliporudishiwa chakula ikapanda tena, bila unga wowote wa kahawia. Madini ya zinki nayo husaidia, lakini humsaidia aliyepungukiwa. Ukimjazia aliyenayo tayari, unatajirisha choo.

Ya tatu ni kupumzika, na hii wanamichezo wetu hawapendi kuisikia. Mazoezi ya vyuma hupandisha homoni kwa muda mfupi baada ya zoezi, kisha inarudi ilipokuwa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walionesha kwamba kupanda huko kwa muda mfupi sicho kinachojenga msuli. Kwa upande mwingine, wakimbiaji wa masafa marefu wanaojituma kupita kiasi kwa miaka mara nyingi hukutwa na testosteroni ya chini kuliko wanaume wasiofanya mazoezi. Kwa mwenye kitambi kikubwa, kupunguza mafuta ya mwili kunaipandisha. Basi. Orodha imeisha, na haikufika hata vyakula kumi.

Angalia pia orodha hiyo inafanya nini. Inakurudisha kwenye kiwango chako. Haikupeleki juu yake. Mwaka 1996 daktari Shalender Bhasin na wenzake walichapisha jaribio ambalo wanaume walichomwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki 10, dozi kubwa mara nyingi kuliko ile mwili unayotengeneza. Waliochomwa sindano na kunyanyua vyuma waliongeza kama kilo 6 za mwili usio na mafuta. Hapo ndipo kuna misuli ile ya kwenye picha, na hapo pia ndipo kiwanda chako mwenyewe kinafungwa, korodani zinasinyaa, na ndoto ya mtoto inaingia mashakani. Picha iliyobandikwa kwenye chupa inakuahidi matokeo ya sindano kwa bei ya tangawizi.

Wako watakaonijia juu: huyu msomi anadharau mitishamba ya babu zetu. Hapana. Dawa ya mseto tunayomeza kwa malaria ina kiini kilichotokana na mmea, na Tu Youyou wa China alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kukichimbua humo. Lakini aliuheshimu mmea kiasi cha kuupima. Alitaka kujua kilichomo, kinafanya nini, kwa kipimo gani. Anayeudharau mmea ni yule anayeusaga, anauchanganya na asichokitaja, anaubandikia kifua cha mtu mwingine na kuuza. Nchini Marekani, kati ya mwaka 2007 na 2016, mamlaka ya chakula na dawa ilitambua virutubisho 776 vilivyochanganywa dawa zisizotajwa kwenye karatasi. Karibu nusu vilikuwa vya nguvu za kitandani, na sehemu nyingine vilikuwa vya kujenga misuli. Kama huko kwenye maabara kila kona hali ni hiyo, wewe unayenunua kwa mtu mwenye begi nje ya ukumbi wa mazoezi unategemea nini?

Na kwa mwanamichezo hatari haiishii kwenye ini. Sheria za dunia za kupambana na dawa za kusisimua misuli zinamwajibisha mwanamichezo kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake. Hata kama hakikuandikwa kwenye chupa, hata kama aliapiwa ni majani. Kijana anaweza kufungiwa hadi miaka minne. Muuzaji yeye anahamia kituo kingine cha daladala.

Nilikaa na ndugu yangu tukahesabu wiki yake. Anaendesha bodaboda hadi saa saba usiku. Saa kumi na moja alfajiri yuko barabarani anakimbia. Usingizi wake ni kama saa nne. Asubuhi chai na chapati, mchana chips, na pambano likikaribia anakata uzito, yaani hali kabisa. Nikamwambia: mdogo wangu, unaishi kama wale Ranger, halafu unanunua chupa ya elfu arobaini kurekebisha. Elfu arobaini ni trei nne za mayai. Akacheka kidogo, akanyamaza. Kisha akauliza swali ambalo sijaweza kulijibu hadi leo.

"Mayai nimeelewa, kaka. Usingizi nitautoa wapi?"

Hapo ndipo ushauri wetu sisi tuliosoma unapogota. Ni rahisi kumwambia mtu alale saa nane ukiwa una mshahara wa mwisho wa mwezi na chumba chenye feni. Chupa inauzika kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho kijana masikini anaweza kukinunua mara moja. Usingizi hauuzwi. Mlo wa mara tatu unahitaji pesa za kila siku. Promota anayemlipa bondia baada ya pambano, tena kwa kumzungusha, anashusha testosteroni ya vijana kuliko upungufu wa mmea wowote, na makocha wanaowaita wavivu wale wanaoomba siku ya kupumzika wako naye bega kwa bega. Kama tunataka kweli kupandisha nguvu za wanamichezo wetu kiasili, tuanzie kwenye posho, kwenye mlo wa kambi na kwenye ratiba.

Lakini neno asili halijamaliza vituko vyake. Kama wanaume wanauziwa asili wasiyoihitaji, tuwatazame na wale walioumbwa nayo. Wao walifanywaje?

Agosti 2016, Rio de Janeiro, fainali ya mita 800 wanawake. Wa kwanza Caster Semenya wa Afrika Kusini. Wa pili Francine Niyonsaba wa Burundi, akiipa nchi yake medali ya pili tu katika historia yote ya Olimpiki. Wa tatu Margaret Wambui wa Kenya. Jukwaa zima la Waafrika, wawili wao wa Afrika Mashariki. Hawakununua chupa. Semenya na Niyonsaba wamesema wenyewe hadharani kwamba miili yao hutengeneza testosteroni kuliko ya wanawake wengi. Hiyo ndiyo asili kwa maana ile ya kwanza ya neno: walikotoka, walivyozaliwa.

Mwaka 2018 shirikisho la riadha duniani likatangaza kwamba wanawake wa aina hiyo, wakitaka kukimbia kuanzia mita 400 hadi maili moja, washushe homoni yao chini ya nanomoli 5 kwa lita. Semenya akaenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, akashindwa Mei 2019. Mwaka 2023 kiwango kikashushwa hadi 2.5 na sheria ikapanuliwa hadi kila mchezo wa riadha. Tangu Septemba 2025 hata hesabu ya homoni imewekwa pembeni: anayetaka kushindana mashindano makubwa upande wa wanawake anapimwa jini. Niyonsaba alipofungiwa mlango wa mita 800 hakumeza dawa, alihamia mbio ndefu. Mwaka 2021 akawa wa tano kwenye mita 10,000 Olimpiki ya Tokyo, na mwezi uliofuata akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 kule Zagreb. Kisha sheria ya 2023 ikamfuata huko alikokimbilia. Na kuna Annet Negesa wa Uganda, ambaye mwaka 2019 alisimulia hadharani kwamba alifanyiwa upasuaji mwaka 2012 ili aruhusiwe kukimbia, na mwili wake haukurudi kama zamani.

Najua hoja ya upande wa pili na siidharau. Mbio za wanawake zilitengwa kwa sababu, na mwanamke anayefanya mazoezi miaka kumi ana haki ya kuuliza anashindana na nani. Wanaoitetea sheria wanasema mwili uliokua kwa testosteroni ya kiwango cha kiume hupata faida kubwa kuliko tofauti za kawaida. Hilo ni swali halali na halina jibu jepesi. Ninachopinga ni jinsi lilivyojibiwa: kumwambia mwanamke mwenye afya ameze dawa asiyoihitaji kitabibu, na kujadili viungo vyake vya siri duniani kote kabla hajajua hata wakili wa kumsimamia. Hata Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Julai 2025, ilisema kesi ya Semenya haikusikilizwa kwa haki inavyopaswa na mahakama ya Uswisi. Linganisha na Eero Mäntyranta, Mfini aliyeshinda dhahabu za Olimpiki kwenye kuteleza thelujini miaka ya 1960. Baadaye iligundulika kwamba alizaliwa na jini lililoijaza damu yake chembe nyekundu kupita kawaida, faida kubwa mno kwa mchezo wa pumzi. Hakuna aliyemwandikia barua apunguze damu. Yeye aliitwa kipaji.

Semenya ameandika kitabu cha maisha yake, The Race to Be Myself, kilichotoka mwaka 2023. Nakishauri kwa wapenzi wa fasihi, si kwa sababu ya kumhurumia, bali kwa sababu kinarudisha mtu mahali ambapo kila mtu alikuwa anasoma namba. Hilo ndilo kosa linalowaunganisha muuza chupa wa Manzese na maofisa wa riadha wenye suti. Wote wameigeuza homoni moja kuwa mhusika mkuu, na mtu mzima, na njaa yake, na kocha wake, na kilima alichopanda kila alfajiri, amebaki mhusika wa kupita. Mmoja anasema huna ya kutosha, nunua. Mwingine anasema unayo nyingi mno, punguza. Kila mmoja anaikata asili kwa kipimo cha faida yake.

Na sisi waandishi ndio tuliowapa lugha. Tumeandika "nguvu za kiume" mara nyingi hadi kijana anayelala saa nne anadhani uchovu wake ni upungufu wa uanaume. Hajachoka huyo, amepungukiwa udume! Tumelifanya neno "dume" kuwa sifa na neno "pumzika" kuwa tusi. Halafu tunashangaa chupa zinatoka wapi.

Nilimwandikia mhariri wangu wa zamani nikimwomba aiondoe ile makala. Alijibu kwa ustaarabu kwamba bado inaleta wasomaji, hivyo itabaki. Ndugu yangu naye aliimaliza chupa yake, kwa sababu alishailipia, na wiki iliyopita bado alikuwa barabarani na pikipiki usiku wa manane.

Basi nimeandika hii badala yake. Najua haitasomwa kama ile. Haina pweza.